Maji Aliyoyaonja Kanyere

Nilikuwa mnene, mniamini tu, kwa sababu picha sina. Nilikuwa na mikono ya kubeba bido mbili za maji, moja huku, moja huku, kutoka ziwani mpaka nyumbani bila kutua. Na nilikuwa na mdomo. Wavuvi wa Kituku, soko la ufukweni nilikokuwa nanunua na kuuza, walikuwa wananipunguzia bei ya sambaza, vidagaa vya ziwa letu, ili tu ninyamaze. Mwili ule uliondoka kidogo kidogo na mimi sikuuona ukiondoka. Kitenge ndicho kilichoona. Kilikuwa kinanizunguka kiuno mara moja na nusu. Kikaanza kunizunguka mara mbili, kisha mara mbili na kipande cha kuchomeka.

Naandika haya kwa ajili yako wewe unayekohoa sasa na kusema ni vumbi. Sisi wa Goma tuna haki ya kusema ni vumbi. Tunaishi juu ya mawe meusi ya volkano, na kiangazi upepo ukivuma hata chumvi ya mezani inabadilika rangi. Mimi pia nilisema ni vumbi. Mvua ikanyesha, vumbi likalala, kikohozi hakikulala. Hapo nikatafuta sababu nyingine, na sikwenda mbali. Niliipata kwa wifi yangu.

Kanyere ni dada mkubwa wa bwana wangu Kambale. Ni mjane. Tunaishi parseli moja, yaani kiwanja kimoja, nyumba zetu za mbao zinatazamana mlango kwa mlango, akipiga chafya namwambia pole bila kuinuka kitandani. Anauza buyi, ule uji wa mtama na soja, kwenye kona ya avenii yetu. Watoto wa shule, wasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, walimu, wote walikuwa wanakunywa kwake asubuhi wakiwa wamesimama. Kwa buyi ile alisomesha watoto watatu.

Sasa nikueleze jambo letu moja. Kwetu, anayekupa kinywaji anaonja kwanza. Anamimina, anapiga funda moja ukimtazama, ndipo anakunyooshea kikombe. Chupa nayo inafunguliwa mbele ya macho yako. Tunaita heshima, lakini chini ya heshima kuna woga, maana kila mtu huku ana hadithi ya ndugu aliyekunywa kwa jirani, akaanza kukohoa, akakonda, akaisha. Sumu hiyo tunaiita karuho. Hakuna aliyewahi kuiona, na hakuna asiyeijua.

Siku ya komunyo ya kwanza ya binti yake wa mwisho, Kanyere alikuwa anakimbia huku na huku kati ya masufuria. Alinimiminia kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akanipa, akapita. Hakuonja. Nilikunywa, nikacheza, nikasahau. Miezi minne baadaye, nimelala na homa, siku ile ikanirudia yote, na mkono wake ukinipa kikombe bila kukipeleka mdomoni.

Ile homa nikisema ilikuwa mbaya nitakuwa nadanganya. Ilikuwa inakuja alasiri, kila siku saa ile ile, na mwanzoni ilikuwa tamu. Mwanga uliokuwa unapita kwenye nyufa za mbao ulikuwa unatembea ukutani polepole. Nilikuwa nasikia magurudumu ya chukudu barabarani, nasikia akina mama wakiitana kwenye bomba, na sauti zote zilikuwa zinatoka mbali, kama niko chini ya maji na wao wako juu ufukweni. Binti yangu Riziki, ana miaka mitano, alikuwa anakaa kando ya kitanda akicheza na vifuniko vya chupa, na mimi nilikuwa namtazama nikifikiri: mtoto mzuri huyu, ni wa nani? Halafu jasho linakuja, shuka linalowa, nazinduka nikiwa Kavira tena, nimechoka mpaka kwenye kucha.

Mama mmoja mganga wa miti shamba, juu njia ya Munigi, aliniangalia macho na ulimi, akasema, "Ni karuho. Na aliyekuwekea iko karibu na wewe." Alinipa unga wa kunywa na maji ya moto. Nilitapika mpaka nikaona nyota mchana. Nilirudi mara tatu. Hakunitajia mtu, sitamsingizia. Jina nililiweka mimi mwenyewe.

Na nililitoa hadharani. Shirika letu, yaani jumuiya ndogo ya kanisa, tunakusanyika kila Alhamisi kusali kwenye nyumba ya mmoja wetu. Siku hiyo ilikuwa kwangu. Baada ya sala wakauliza nani ana nia ya kuombewa. Nikasimama, nikashika ukuta. "Muniombee," nikasema, "juu wifi yangu Kanyere ameniwekea sumu."

Ee Mungu wangu. Kanyere alikuwa amekaa pale pale na rozari mkononi. Alinitazama kwa muda mrefu, akainuka, akavaa kandambili zake, akavuka uwanja, akafunga mlango.

Kesho yake sufuria ya buyi ilikaa kwenye kona mpaka ikapoa. Keshokutwa vilevile. Watoto wa shule walikuwa wanapita upande mwingine wa avenii, mama zao waliwakataza. Ndani ya wiki mbili meza yake haikuonekana tena. Na mimi nililala kitandani, nikasikia kimya cha kona ile, na nikasema moyoni: vizuri. Naliandika neno hilo ili ulisome. Nilisema vizuri.

Kambale alikuwa amekwama upande wa Butembo na biashara yake ya maharagi, barabara imefungwa kwa vita. Kwenye simu aliniambia, "Kavira, ule ni dada yangu. Ndiye alinibeba mugongo." Nikamwambia, "Basi akuzike na wewe pia." Simu ikakatika, sijui kama ni netiweki au ni yeye.

Aliyenitoa kitandani ni Papa Anatole. Ni mwalimu aliyestaafu, mrefu, koti lake moja mvua na jua, na kwenye kartie yetu, mtaani kwetu, yeye ni reko, wale watu wa kujitolea ambao kituo cha afya kinawatuma nyumba kwa nyumba. Tulikuwa tunamcheka. Tulikuwa tunasema anapita kuhesabu vyoo vya watu. Alisimama mlangoni, akanisikiliza nikikohoa, akavua kofia.

"Mama Riziki, uko nakohoa tangu lini?"

"Siyo kikohozi, papa. Ni karuho."

"Sawa," akasema. Hakubisha hata kidogo. "Karuho nayo inatoa makohozi. Nipatie yale ya asubuhi, mbele ya kula kitu. Nitapita kuchukua."

Akaniachia kikopo chenye kifuniko. Kesho yake alikuja kweli, akakifunga ndani ya mfuko, akakibeba kwa mikono miwili kama mtu anayepeleka mayai. Siku tatu baadaye alirudi na motari, dereva wa pikipiki ya abiria. Akanipandisha mbele yake kwenye pikipiki ili nisianguke, tukaenda taratibu, mawe yakinitikisa mifupa, na mji ukapita pembeni yangu laini kabisa: mabati, nguo kwenye kamba, moshi wa makaa, na ziwa kule chini limefunikwa na ukungu mpaka huoni mahali maji yanapoishia.

Kwenye kituo kuna benchi ya nje, chini ya kibanda kisicho na kuta. Wanaokohoa wanakaa pale, kwenye upepo. Benchi ile nimeijua kuliko kitanda changu. Hakuna anayezungumza sana. Kuna mzee alikuwa anakuja na redio isiyo na betri, ameishika tu. Kuna msichana wa shule aliyekuwa anasoma daftari lile lile. Ukikaa pale muda wa kutosha unasahau unangoja nini. Kivuli cha paa kinasogea kutoka kwenye magoti mpaka kwenye vidole vya miguu, na mtu anaita jina lako kwa sauti ya kawaida, na unashangaa kwamba bado unalo.

Muganga Furaha, muuguzi wa kifua kikuu, ni mwanamke mfupi mwenye haraka. "Ni kifua kikuu, mama. Inapona. Miezi sita, kila siku, bila kuruka hata moja. Nani atakuona ukimeza?"

"Nitameza mwenyewe."

"Wote wanasema vile. Huwezi kutembea mpaka hapa kila siku, nakuona. Nataka mutu wa parseli yenu, anaamka mapema, anajua kusoma fishi, hii kadi ya dawa. Papa Anatole ataenda kumutafuta."

Alasiri ile Papa Anatole aliwaita majirani uwanjani. Mimi nilikuwa nimelala kwenye mkeka mlangoni, homa imeanza kunibembeleza. Aliwaeleza kazi: asubuhi kumpa dawa, kumtazama akimeza, kuweka alama kwenye fishi. Watu wakatazama mawe. Mmoja akasema ana mtoto mchanga, mwingine ana safari. Nilikuwa nawapenda wote na nilikuwa nawaona wote wakirudi nyuma, taratibu, kwa adabu.

Mlango wa pili ukafunguliwa. "Mimi ndiye nitamupatia," akasema Kanyere.

"Huyu?" Sauti ilinitoka wapi sijui. "Papa Anatole, huyu anataka kumaliza kazi!"

Papa Anatole alikuna kidevu. Ni mtu mpole, lakini alikuwa mwalimu. "Mama Riziki, hapa kuna mutu mumoja amenyoosha mukono. Unataka niandike jina lake, ao niandike kwamba ulikataa?"

Riziki alikuwa amekuja kunilalia mgongoni. Nilisikia kifua chake kikigonga. Nikasema aandike.

Hivyo ndivyo yalivyoanza maisha yangu ya pili. Asubuhi, kabla jua halijafika ukutani, Kanyere anavuka uwanja. Mkono mmoja una vidonge, mkono mwingine kikombe cha maji. Anasimama. Ananitazama. Anapeleka kikombe mdomoni, anapiga funda kubwa, anameza kwa sauti ili nisikie. Kisha ananinyooshea. Nameza vidonge vinne vyekundu, kimoja kimoja. Anasema, "Fungua mudomo." Nafungua. Anatia alama kwenye fishi, anaondoka. Ilikuwa kila siku hivyo, na kila siku funda lile lilikuwa linaniingia kama kofi. Nilitaka aache. Nilitaka pia asiache, maana siku ya tatu mkojo wangu ulitoka mwekundu kama maji ya bitiruti, nikapiga yowe parseli nzima ikasikia.

"Ni dawa," akasema Kanyere kutoka nje ya choo. "Muganga alieleza siku alitupatia dawa. Hukusikiliza, ulikuwa unanitazama mimi."

Kuna mambo ya mwili hakuna anayekuambia. Ulimi unaonja chuma. Vidole vya miguu vinawaka. Tumbo linakataa, halafu siku moja, bila taarifa, linataka sombe ya majani ya muhogo, linataka sombe hapo hapo, na unalia kwa sababu ya harufu ya mafuta ya mawese kutoka kwa jirani. Ndoto pia. Dawa zile zilinipa ndoto za mchana zenye rangi kali: niliota natembea juu ya ziwa, maji ni magumu na ya joto chini ya nyayo, na sambaza wanapita chini yangu kwa maelfu, fedha tupu, na mama yangu marehemu ananiita kutoka Beni nami namjibu nakuja, nakuja, bila haraka yoyote. Nikazinduka, Kanyere alikuwa amekaa mlangoni anachambua mboga zangu. Akajifanya hakunisikia nikiongea na wafu.

Riziki naye alipewa vidonge vya kumkinga, wakati ule ule. Kwake Kanyere alikuwa anaimba kidogo na kumpa kipande cha ndizi baadaye. Kwangu hapana.

Wiki ya sita nilipanda mizani ya kituo, Muganga Furaha akatazama, akatazama tena, akanipigia makofi peke yake. Kilo mbili. Nikarudi nyumbani kwa miguu, mara ya kwanza. Kesho yake asubuhi Kanyere alipoinua kikombe, nikamshika kifundo cha mkono.

"Usionje, wifi."

Alisimama. Akanitazama kwa macho yale yale ya siku ya sala. Kisha akanywa funda lake, kubwa kuliko siku zote, akanipa.

"Kwa nini unanifanyia haya?" nikamuuliza. Nilikuwa nalia. "Nimekuharibia jina. Kwa nini usiniache?"

"Nikuache ufe?" Akacheka bila furaha. "Kavira, ukikufa, mimi niko mulozi mpaka mwisho wa maisha yangu. Batoto bangu bataoa wapi? Binti yangu atamupikia nani? Wewe peke yako ndiye unaweza kusema haikuwa mimi. Nilihitaji huo mudomo wako ubakie muzima. Siyo mapendo. Fungua."

Nikafungua.

Nakwambia ukweli, maneno yale yalinisaidia kuliko pole zote. Nilijua sasa ninapona kwa ajili ya nini. Lakini binadamu ni binadamu. Mwezi wa nne, kiangazi, nguvu zimerudi, nimeanza kushuka Kituku na beseni dogo, nikaona dawa ni za wagonjwa. Nilikuwa naficha kidonge chini ya ulimi na kukitema kwenye maua. Siku mbili tu. Siku ya tatu Kanyere alivikuta, alikuwa anamwagilia. Alikuja mpaka Kituku, mbele ya wavuvi wote, mbele ya wateja wangu, amevaa kitenge cha nyumbani, nywele hazijafungwa.

"Uko natema maisha yangu kwenye maua!" akapiga kelele. "Yangu, Kavira! Yako fanya unavyotaka!"

Wavuvi wakaacha nyavu, wakageuka kututazama. Nilimeza pale pale vidonge alivyoniletea, kwa maji aliyokuja nayo kwenye chupa. Na ndiyo, aliyaonja. Jioni ile tulikwenda kwa Muganga Furaha wote wawili, nikakiri, akaniongezea siku nilizoiba mwishoni. Alisema wengine wanaotema hawapati bahati hiyo.

Mvua zilirudi. Barabara ikafunguka kidogo, Kambale akaja amekonda kuliko mimi, akakuta mke na dada wanagombana juu ya chumvi, akakaa kwenye jiwe akacheka hadi akapaliwa. Makohozi ya mwisho yalikuwa safi. Muganga Furaha akaandika neno moja kwenye fishi: amepona. Nilitoka nikapita mbele ya benchi ya nje. Watu wapya walikuwa wamekaa pale na vivuli vyao. Nilitaka kuwaambia kitu, nikawaambia tu, "Mungoje, bataita."

Alhamisi iliyofuata tulisali kwa jirani. Walipouliza nia, nikasimama. "Mulinisikia kule kwangu nikisema Kanyere aliniwekea sumu," nikasema. "Ilikuwa bongo yangu, uongo mutupu. Ilikuwa kifua kikuu. Dawa nilizipata mukononi mwake, kila asubuhi, na kila asubuhi alionja maji mbele yangu kama mwizi anayekaguliwa. Mwizi ni mimi. Niliiba jina lake. Namuomba musamaha mbele yenu, na ninyi mumurudishie."

Mama mmoja akasema Mungu asifiwe. Wengine wakaitikia kwa sauti ndogo, kama watu wanaotaka kwanza kufikiri. Kanyere akasema, "Umesema. Aksanti." Hakunikumbatia, na sikutegemea.

Nilidhani kesho yake foleni itafika barabarani. Hapana. Uongo wangu ulizunguka kartie kwa siku moja. Ukweli ulitembea kama mgonjwa, hatua moja, kupumzika, hatua moja. Nilikaa naye kwenye kona nikinywa buyi asubuhi baada ya asubuhi, mpaka kilo zangu zikavuka zile za zamani. Mteja wa kwanza alikuwa msukuma chukudu kutoka Rutshuru, hajui lolote, ana njaa. Kisha mwalimu. Kisha watoto wawili, mama yao akiwatazama kutoka dirishani. Wapo ambao mpaka leo wanapita upande mwingine. Nawajua majina. Hilo nalibeba, na halina dawa ya miezi sita.

Sasa ninafuatana na Papa Anatole mara mbili kwa wiki, na Kanyere akimaliza sufuria anakuja. Siku chache zilizopita tuliitwa kwa mama mmoja, avenii ya tatu kutoka kwetu. Chumba kilikuwa na giza zuri la mvua. Alikuwa mwembamba sana, macho makubwa, anatabasamu kwa mbali; nilijua aliko, nilishawahi kukaa huko. Kanyere alibaki kwenye kizingiti. Nje, ng'ambo ya uwanja, jirani mmoja alikuwa anachagua maharagi kwenye ungo, ameinamisha kichwa, anatusikiliza.

"Ni sumu," akasema yule mama. "Na aliyeniwekea namujua. Ni huyu..." Akainua mkono wake wa mifupa, kidole kikaanza kuelekea mlangoni, kule kwenye ungo.

Nilikishika kile kidole kabla hakijafika. Kilikuwa cha moto. Nikakishusha polepole mpaka kwenye blanketi, nikakifunika kwa kiganja changu.

"Jina hapana, mama," nikamwambia, nikimsogezea kikopo chenye kifuniko kwa mkono mwingine. "Jina likitoka halirudi. Kohoa tu humu."